Deni la Ganda: Kulisha Kuku wa Mayai kwa Hesabu

Yai la kwanza lisilo na ganda humshtua mfugaji yeyote. Anapeleka mkono kiotani asubuhi akitarajia kitu kigumu chenye joto, vidole vinakutana na kitu teketeke kama puto lililotiwa maji. Kiini kimo, ute umo, ngozi nyembamba ipo, ganda hakuna. Siku ya pili yanakuwa matatu. Wiki haijaisha, muuza chipsi aliyezoea kuchukua trei kumi ameshaanza kunung'unika kwamba mayai yanapasukia njiani, na mfugaji yuko mbioni kwenda duka la dawa za mifugo kuomba "kitu cha kuongeza mayai".

Dukani hakosi cha kuuziwa. Kuna vitamini za kukoroga kwenye maji, kuna unga wa kuchanganya na chakula, na kuna pakiti zenye antibiotiki ndani bila mnunuzi kujua. Baadhi husaidia. Lakini kabla ya kufungua pochi, inafaa kwanza kuinama juu ya kihori cha chakula, kwa sababu mara nyingi tatizo ni gramu mbili tatu za madini ambazo tetea alizihitaji jana jioni akazikosa.

Kazi ya usiku

Yai huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na kati ya hizo karibu 20 ni za ganda peke yake. Tetea akitaga saa tatu asubuhi, kiini kingine huachiliwa kama nusu saa baadaye. Kinateremka kwenye mrija wa uzazi, kinavikwa ute, kisha ngozi mbili laini, na alasiri kinafika kwenye mfuko wa kuvishia ganda. Hapo hukaa mpaka kesho yake. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ganda hujengwa giza limeshaingia, kuku wamelala na vihori vimenyamaza.

Ganda la yai lenye uzito wa gramu 60 huwa na kama gramu 6, na karibu lote ni chokaa. Ndani ya chokaa hiyo mna kalsiamu gramu 2.2 hivi. Sasa linganisha: mwili mzima wa tetea una kalsiamu kama gramu 20 tu, karibu yote ikiwa mifupani. Kuku wa kisasa anayetaga mayai 300 kwa mwaka anatoa gramu 660. Hiyo ni zaidi ya mara 30 ya kalsiamu yote aliyo nayo mwilini, na kila gramu imepitia mdomoni.

Maumbile yamempa namna ya kuvuka usiku. Siku chache kabla ya yai la kwanza, mifupa yake mirefu huanza kujazwa ndani na mfupa mwingine laini, ambao ni akiba ya kalsiamu. Chakula cha mchana kikiisha tumboni usiku wa manane, damu huchota kwenye akiba hiyo. Kesho yake akila vizuri, deni linalipwa. Akila vibaya, anakopa tena juu ya deni la jana.

Akiba ikikauka, mwili huanza kubomoa mfupa wenyewe. Ndipo anapokutwa asubuhi amelala ubavu, macho maangavu, hamu ya kula anayo, lakini miguu haimwinui. Kwenye vizimba vya waya tatizo hili limezoeleka kiasi cha kupewa jina, uchovu wa vizimba. Wakati mwingine maganda ya mayai yake ya mwisho hayakuwa mabaya hata kidogo, kwa kuwa tetea huendelea kuvisha yai huku akijivua mfupa. Kwa hiyo anayesubiri ganda liwe bovu ndipo aamini kuna upungufu huwa amechelewa wiki kadhaa.

Kuna kipimo kisichohitaji maabara. Jioni, kuku wakiwa wametulia, mkamate mmoja, mkumbatie kwapani, kisha pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari kuanzia mbele kurudi nyuma. Kwa kuku mwenye akiba nzuri mfupa huo umenyooka kama rula. Ukiukuta umepinda au una mabonde, na wenzake watatu wanne wako hivyo hivyo, mlo wa banda zima una kasoro, ingawa kugonga fito kwa miezi mingi nako huweza kuupinda.

Kila umri na kipimo chake

Kosa la kwanza hufanyika kabla kuku hajataga hata yai moja. Mfugaji mwenye haraka huwapa mitemba wa wiki kumi chakula cha kutagia, akiamini kitawawahisha. Mtemba anahitaji kalsiamu asilimia 1 hivi ya chakula chake, ilhali chakula cha kutagia kina karibu mara nne ya hapo. Ziada yote hiyo inabidi ipitie kwenye figo. Figo zikichoka huvimba, na kuku akipasuliwa hukutwa na utando mweupe kama unga umezingira moyo na ini. Wengine hufa, na wengine huishi lakini utagaji wao haufiki popote.

Mpangilio unaofaa kwa kuku wa kisasa wa mayai kama Isa Brown au Lohmann Brown ni huu. Chakula cha kukuzia hudumu hadi karibu wiki ya 16. Kuanzia hapo, vilemba vikianza kuwa vyekundu, mitemba hupewa chakula cha mpito chenye kalsiamu asilimia 2 hadi 2.5, ili wajaze ile akiba ya mifupani. Yai la kwanza likionekana, kati ya wiki ya 18 na 20, wanahamia chakula cha kutagia chenye asilimia 3.5 hadi 4. Kila badiliko lifanywe taratibu kwa wiki moja, chakula kipya kikiongezwa na cha zamani kikipunguzwa, maana kuku aliyebadilishiwa ghafla hususia.

Baada ya wiki ya 45 hesabu hubadilika tena. Mayai huwa makubwa zaidi lakini chokaa anayoweka tetea juu yake haiongezeki, kwa hiyo kiasi kile kile hutandazwa juu ya eneo pana. Kuku wa umri huu wapewe asilimia 4 hadi 4.2, na sehemu kubwa ya chokaa yao iwe ya punje badala ya unga.

Asilimia peke yake hazishibishi. Tetea anayekula gramu 115 kwa siku za chakula chenye kalsiamu asilimia 3.8 anapata gramu 4.4, na utumbo wake hunyonya karibu nusu, yaani gramu 2.2. Hapo ganda limelipiwa. Mwezi wa Januari, banda la bati la Mbagala, Dar es Salaam, limewaka moto, tetea yule yule anakula gramu 95. Sasa anapata gramu 3.6, ananyonya 1.8, na kila usiku deni linakua. Mfuko wa chakula haujabadilika, kilichopungua ni kiasi anachokula. Ndiyo maana mfugaji anapaswa kupima chakula anachotoa na kinachobaki. Kuku 100 wazima hula kama kilo 11 hadi 12 kwa siku, na wakishuka chini ya kilo 10 inabidi chakula kiongezewe nguvu, madini yakiwemo.

Chokaa ipi?

Neno "chokaa" hubeba vitu vitatu tofauti, na kuku hajui kutofautisha.

Ya kwanza ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, mwamba wa aina ile ile uliochongwa na maji ukawa mapango ya Amboni kule Tanga. Hiyo ndiyo chokaa ya mifugo, yenye kalsiamu asilimia 36 hadi 38. Ya pili ni chokaa ya kupaka ukuta, ambayo imechomwa tanuruni. Ni kali, huunguza mdomo na koo, haifai kuliwa. Ya tatu ni chokaa ya kupunguza uchachu wa udongo shambani, ambayo mara nyingi ina magnesiamu nyingi. Kuku akiizidisha huharisha maji na ganda huwa bovu zaidi kuliko mwanzo.

Kabla ya kununua mfuko mzima, omba kiganja kimoja ukajaribu nyumbani. Weka kijiko cha chai kwenye bilauri, kamulia ndimu au mimina siki. Chokaa ya mifugo huchemka povu papo hapo kama soda iliyotikiswa. Endelea kuongeza siki mpaka povu likome, kisha tazama chini ya bilauri. Kilichobaki bila kuyeyuka kwa kawaida ni mchanga uliouziwa kwa bei ya chokaa. Chokaa mpya ya ukutani haitoi povu la maana, na ile yenye magnesiamu nyingi hutoa povu la kusuasua.

Ukubwa wa punje nao una kazi. Chokaa ya unga hupita tumboni upesi, na kufikia usiku wa manane imekwisha. Punje za milimita 2 hadi 4, ukubwa wa mchele uliovunjika, hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, saa zile zile ganda linapojengwa. Kwa kuku wanaotaga, nusu ya chokaa au zaidi iwe ya punje. Wafugaji wa pwani wana bahati ya makombe ya chaza na konokono wa baharini, ambayo yakioshwa chumvi, yakakaushwa na kupondwa, hufanya kazi hiyo vizuri. Maganda ya mayai ya jikoni pia yanafaa, yakichemshwa kwanza ili kuua vijidudu, kisha yakakaushwa na kupondwa hadi yasionekane tena kama yai. Kuku akionja ganda lenye sura ya yai anaweza kuanza kudonoa mayai kiotani.

Njia nyepesi ni kuweka punje hizo kwenye chombo chake, mbali kidogo na kihori, kila siku kuanzia saa tisa alasiri. Tetea ambaye yai lake linakaribia kuvishwa ganda huwa na hamu ya chokaa wakati huo, ataifuata mwenyewe, na ambaye hatagi kesho ataipita. Changarawe ni jambo jingine: mawe yale husaidia firigisi kusaga nafaka lakini hayayeyuki, kwa hiyo hayahesabiwi kama kalsiamu.

Wenzake kalsiamu

Kalsiamu nyingi bila vitamini D ni mzigo uliofika mlangoni bila mtu wa kuupokea. Hupita utumboni na kutoka na kinyesi. Kuku anayezurura juani hujitengenezea vitamini hiyo kwenye ngozi, lakini anayeishi chini ya bati tangu asubuhi hadi jioni anategemea premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini unaotiwa kwenye chakula. Nayo premiksi ni kitu dhaifu, kwani joto, mwanga na unyevu huiua. Mfuko uliokaa miezi minane juu ya rafu karibu na dirisha una rangi ile ile na harufu ile ile lakini vitamini zimekwenda. Mfugaji anunue ya kutosha mwezi mmoja au miwili, asome tarehe, na aihifadhi pakavu penye giza.

Fosforasi huishi na kalsiamu ndani ya mfupa. Pumba na nafaka zinayo nyingi, ila imefungwa kwa namna ambayo kuku hawezi kuifungua. Hupata kama theluthi moja tu. Inayobaki hutafutwa kwenye dagaa, mifupa ya kusaga au DCP (daikalsiamu fosfeti). Mifupa inunuliwe iliyopikwa kwa moto au mvuke mkali, kwa sababu mifupa mibichi inaweza kubeba kimeta. Tena isizidishwe, maana fosforasi ikizidi huizuia kalsiamu kufika kwenye ganda.

Manganizi, zinki na shaba huhitajika kwa vipimo vya miligramu, na huhusika na kusuka ule utando ambao chokaa hujengewa juu yake. Zikikosekana, ganda linaweza kuwa na chokaa ya kutosha na bado likavunjika kama biskuti. Hizi haziwezi kukisiwa kwa kijiko cha chai. Zimo kwenye premiksi nzuri, kwa kawaida robo kilo kwa kilo 100 za chakula, au kama lebo inavyoelekeza.

Chumvi ya jikoni ndiyo ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa sana. Gramu 300 zinatosha kilo 100 za chakula. Ikikosekana, kuku huanza kudonoana, kung'oana manyoya na kupunguza mayai. Ikizidi, hunywa maji bila kukoma na randa chini yao hugeuka tope. Anayetumia dagaa waliotiwa chumvi aipunguze au aiache kabisa.

Wali wa hospitali

Kuku wamewahi kuwafundisha hata madaktari wa binadamu. Mwishoni mwa karne ya 19, mjini Batavia, ambayo leo ni Jakarta, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta chanzo cha beriberi, maradhi ya kulegea miguu yaliyokuwa yakiua askari na wafungwa. Kuku wa maabara yake nao wakaanza kuyumba na kuanguka, kisha baada ya miezi wakapona ghafla. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwa muda walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya kijeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa wali wa jeshi kuliwa na kuku wa kiraia. Waliporudi kwenye mchele usiokobolewa, miguu ikarudi. Kilichokuwa kikikosekana, ambacho baadaye kiliitwa vitamini B1, kilikuwa kimebaki kwenye pumba. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kwa mfugaji wa Afrika Mashariki kisa hicho kiko karibu na kinu. Mahindi yaliyokobolewa yakaoshwa hadi yakawa meupe ni wanga mtupu. Vilevile kumshibisha kuku kwa paraza peke yake "kwa kuwa chakula cha dukani kimepanda" humjaza nguvu asiyo na kazi nayo. Mafuta hujikusanya kwenye ini, ini huwa la njano na laini kama siagi, na siku ya joto kuku mnene hukutwa amekufa ghafla, ini likiwa limepasuka na kuvuja damu. Jirani husema amerogwa.

Kuchanganya nyumbani

Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote za kufuga kuku wa mayai, ndiyo maana wengi huchanganya wenyewe. Lengo ni protini asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu karibu 4. Mchanganyiko mmoja wa kilo 100, kwa malighafi zinazopatikana Tanzania, ni huu:

Mahindi ya kuparaza, kilo 50
Pumba za mahindi, kilo 10
Mashudu ya alizeti, kilo 12
Soya iliyokaangwa na kusagwa, kilo 10
Dagaa wa kusaga, kilo 7
Chokaa ya mifugo, kilo 8.5
Mifupa ya kusaga, kilo 1.8
Chumvi, gramu 300
Premiksi ya kuku wa mayai, gramu 250
Methionini, gramu 150

Hesabu yake hutoa protini kama asilimia 16 na kalsiamu 3.9, mradi malighafi ziwe safi, na hapo ndipo penye kazi. Dagaa wa ziwani wengi huanikwa juu ya mchanga. Loweka kiganja cha unga wake kwenye maji, ukoroge, uache utulie: kinachozama upesi na kukwaruza kati ya vidole kisihesabiwe kama protini. Soya mbichi ina kinachozuia mmeng'enyo wa protini, kwa hiyo lazima ikaangwe hadi inukie karanga. Mashudu ya alizeti kutoka Singida na Dodoma ni mazuri, ila yakiwa na maganda mengi hujaza tumbo bila kushibisha. Mashudu ya pamba yatumike kwa tahadhari kubwa: yana sumu iitwayo gosipoli ambayo hugeuza kiini kuwa cha rangi ya zeituni yai likikaa siku kadhaa, na mteja hatarudi kuuliza sababu.

Kinachoogopesha zaidi ni ukungu. Mahindi yaliyovunwa na mvua au kuhifadhiwa na unyevu hujenga sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, sumukuvu ya mahindi iliua watu 125, na mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara. Baada ya misiba kama hiyo mtu hushawishika kusema kwamba mahindi yasiyofaa kwa watu wapewe kuku. Kuku naye ana ini, na ini ndilo linaloanza kuitayarisha vitamini D ifanye kazi. Ini likiumia, mayai hupungua na ganda hudhoofika hata chokaa ikimwagwa kwa koleo, na sehemu ya sumu inaweza kupita ikaingia kwenye yai.

Wakati wa kuchanganya, vitu vya gramu visitupwe moja kwa moja juu ya lundo. Premiksi, chumvi na methionini vikorogwe kwanza na kilo mbili za paraza kwenye beseni, mchanganyiko huo ukorogwe na kilo kumi, ndipo umwagwe kwenye lundo na kugeuzwa kwa koleo mara kadhaa kwenye sakafu safi ya saruji. Bila hivyo kuku mmoja anakula chumvi ya wenzake ishirini.

Joto na maji

Kuku hatoki jasho. Akishikwa na joto hutanua mabawa na kutweta mdomo wazi, na kila pumzi inapunguza damuni kile kiungo cha pili cha ganda, baikaboneti. Matokeo ni ganda jembamba hata kwa kuku aliyekula kalsiamu yake yote. Watafiti wa Marekani katika miaka ya 1980 waliwapa kuku wenye joto maji yenye gesi kama ya soda, na maganda yakaimarika. Mfugaji hahitaji kununua kreti za soda. Soda ya kuokea, gramu 1 hadi 2 kwa lita ya maji katika saa za joto kali, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, chumvi ya chakula ikipunguzwa ili isizidi.

Maji yenyewe hutangulia kila kirutubisho. Tetea hunywa kama mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na zaidi wakati wa joto. Kinywesheo kilichoachwa juani hadi maji yakawa ya kuogea mtoto ni sawa na kinywesheo kitupu. Chakula kitolewe alfajiri na jioni kukiwa na ubaridi. Penye umeme, taa inayowashwa saa moja hadi mbili katikati ya usiku huwapa matetea nafasi ya kuamka, kunywa na kudonoa chokaa wakati ganda linapoihitaji.

Rangi ya kiini ni soko

Mahindi meupe, ambayo ndiyo mengi sokoni kwetu, hayana rangi wala vitamini A, na kuku anayeyategemea hutaga kiini kilichopauka. Mteja anayekumbuka yai la bibi kijijini husema hilo ni "yai la dawa". Mchicha, majani ya lusina yaliyokaushwa kivulini au mahindi ya njano hurejesha rangi. Lusina isizidi kilo tano kwa 100, kwani nayo ina sumu yake. Kiini cha njano iliyokolea ni ushahidi kwamba kuku amekula majani, si kwamba ganda lake ni gumu.

Si kila ganda bovu ni njaa

Kabla ya kuongeza chokaa mara ya tatu, mfugaji atazame upande mwingine. Ganda lililokunjamana kama ngozi ya mzee, pamoja na ute mwepesi kama maji na kuku wanaopiga chafya, huelekeza kwenye maradhi ya njia ya hewa. Mdondo nao hushusha mayai ghafla. Upo pia ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mwaka 1976, ambapo kuku huonekana mzima kabisa huku akitaga mayai bila ganda. Dawa za salfa hudhoofisha ganda, na baadhi ya dawa za koksidiosi hupausha ganda la kahawia. Zile pakiti za kuongeza mayai zenye tetrasaiklini hushikana na kalsiamu tumboni, na mayai ya siku za dawa hayapaswi kuuzwa. Hapa anahitajika daktari wa mifugo, akiwa na kuku mmoja aliyekufa asubuhi hiyo hiyo, si picha ya simu.

Daftari na mizani

Mizani ndogo ya jikoni yenye kusoma gramu itamlipa mfugaji haraka. Siku ya Jumapili achukue mayai kumi bila kuchagua, ayapime, ayavunje kwa ajili ya chakula cha nyumbani, aoshe maganda, ayaanike hadi yakauke, ayapime tena. Mayai kumi yenye gramu 600 yanapaswa kutoa maganda ya gramu 55 hadi 60. Yakiwa 50, deni limeanza, hata kama hakuna yai lililopasuka bado. Tarakimu hizo ziandikwe pamoja na kilo za chakula kilicholiwa wiki hiyo na hali ya joto.

Akirekebisha mlo, aelewe kila kitu kina siku zake, asije akabadilisha tena siku ya tatu kwa kukata tamaa. Ganda huanza kuimarika ndani ya siku chache, na kufikia wiki mbili mizani itaonyesha. Rangi ya kiini huchukua siku kumi hadi kumi na nne kwa kuwa kiini hukua tabaka kwa tabaka kwa muda huo. Ukubwa wa yai, unaofuata protini, huhitaji wiki mbili tatu. Mifupa ndiyo ya mwisho. Tetea aliyekuwa analala ubavu atengwe mahali penye kivuli, maji na chakula viwe karibu na mdomo wake, apewe chokaa ya punje na asihesabiwe mayai kwa wiki kadhaa. Wengi wao, wakiwahiwa, husimama wenyewe, na siku akianza tena kuparua randa ndipo arudishwe kwa wenzake.